Wamaza: Shule inayouza pointi isishangae watoto kukosa maadili

WAMAZA – Kila mara masomo yakikaribia kufunguliwa, lawama ni zile zile kati ya Kasongo na Kabambare. Katika mikutano ya wazazi, msikitini, kanisani na barazani kwa wazee, watu wanasema vijana wameharibika. Hawasalimu wakubwa. Wanakunywa lotoko. Wanaacha darasa na kukimbilia machimbo ya dhahabu. Wanataka pesa ya leo kwa leo. Na dawa inayotajwa ni moja: shule iongeze saa za somo la maadili. Wengine wanaomba saa nyingi zaidi za dini. Wengine wanataka fimbo irudi.

Dawa hiyo inapendwa kwa sababu haimgharimu mtu mzima yeyote. Mtoto ndiye ataongezewa saa, mtoto ndiye atapigwa, na wakubwa watabaki kama walivyo. Lakini shule za huku hazikosi somo la maadili. Lipo katika ratiba, linaitwa Elimu ya Uraia na Maadili, lina daftari lake na nafasi yake katika buletini. Tena mtoto hafundishwi maadili kwa saa moja ya juma tu. Anafundishwa kutwa, tangu kengele ya asubuhi mpaka anaporudi nyumbani. Shida iko katika yale anayofundishwa katika saa nyingine zote.

Mfikirie mwanafunzi wa mwaka wa saba katika shule yoyote ya upande huu. Jumatatu anaandika daftarini kwamba rushwa ni adui wa taifa. Katika mtihani anaulizwa rushwa ni nini, anajibu vizuri, anapata 8 kwa 10. Juma linalofuata majina yanasomwa: wote wasiomaliza kulipa primu watoke nje. Anatoka pamoja na wenzake, hata kama siku hiyo kuna zoezi lenye pointi. Anayebaki ndani ni mtoto wa mfanyabiashara, ambaye pengine alisinzia muhula mzima. Ukifika mwisho wa muhula, wenye upungufu wanaambiwa wazazi wao "waje kuonana" na mwalimu. Kuonana maana yake inajulikana: kuku, kidumu cha mawese, au noti za franka zilizokunjwa. Baada ya kuonana, 4 inakuwa 6.

Mtoto huyo sasa amefundishwa maadili mara mbili, mara ya kwanza ubaoni, mara ya pili mlangoni. Mambo ya ubaoni atayasahau likizo ikifika. Ya mlangoni atakwenda nayo maisha yake yote, kwa sababu hakuambiwa tu, aliyaona yakifanya kazi.

Wapo walimu wasiochukua hata yai la mtu, na ni haki kulisema hilo wazi. Kila mzazi anawajua walimu wa namna hiyo katika shule ya kijiji chake. Mara nyingi ndio wenye mashati yaliyochakaa na ndio wanaochekwa na wenzao kwamba hawajui kuishi. Kucheka huko nako ni somo, na watoto wanasikia.

Kutoka hapo ngazi inapanda. Kuna mtihani wa mwisho wa shule ya msingi. Juu yake kuna mtihani wa Serikali, Exetat, ambao Kongo imekuwa ikiuandaa tangu mwaka 1967 ili mtoto wa kijijini na mtoto wa Kinshasa wapimwe kwa kipimo kimoja. Nia ilikuwa nzuri. Maswali yanatoka juu, masahihisho hayafanywi na mwalimu wa mtoto, na 50 kwa 100 ni 50 kwa 100 kila mahali. Lakini pale ambapo mwalimu hawezi kuuza pointi, chumba cha mtihani kinaweza kuuzwa. Juu ya pesa rasmi ya kushiriki inaongezwa pesa nyingine isiyokuwa na risiti, yenye majina mazuri: mapokezi, chakula cha wasimamizi, nauli ya wakubwa. Finalisti anajua anachonunua. Ananunua msimamizi atakayeangalia dirishani. Ananunua simu itakayoingia darasani. Majibu yanapita WhatsApp, mengine ya kweli na mengine ya uongo, na anayeibiwa kwa kuuziwa majibu ya uongo hana pa kushitaki.

Ulizeni sasa: kijana huyo akimaliza, akapewa kazi kwenye bariyeri ya barabarani, akamwomba mwenye baiskeli franka 500 ili apite, alijifunza wapi? Watu wanasema alijifunza kwa wanajeshi, au kwa wanasiasa wa Kinshasa. Hapana. Alifundishwa na watu wenye chaki mkononi, kwa miaka 12, na wazazi wake ndio waliolipa karo ya somo hilo.

Kwenye karatasi, mambo ni mengine kabisa. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 43, inasema elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na ni ya bure. Sheria kuu ya elimu ya Februari 2014 inataka shule imlee Mkongomani awe raia mwenye kuwajibika, mwenye manufaa kwake mwenyewe na kwa jamii. Kila aliyesoma pedagojia katika sekondari anakumbuka pia tofauti iliyokaririwa kwa ajili ya mtihani: kufundisha ni kutia maarifa kichwani, kuelimisha ni kumlea mtu mzima, akili na moyo. Wanafunzi wameikariri tofauti hiyo kwa miaka mingi, na wengine wameinunua pointi ya kuikariri.

Wenye kudai kwamba zamani shule ilikuwa na maadili safi wanapaswa kuitazama historia ya Kasongo kwa macho yote mawili. Mji huu ulikuwa makao makuu ya Tippu Tip kabla ya askari wa Dhanis kuuteka mwezi wa Aprili 1893. Uislamu na Kiswahili vilikuwa vimekwisha ota mizizi, na watoto walisoma Kurani chuoni kwa mwalimu aliyeishi nao mtaa mmoja. Dola la Leopold lilipotaka shule, liliandikiana mkataba na Kiti cha Papa mwaka 1906: misheni zipewe ardhi, nazo zifungue shule. Baadaye serikali ya Ubelgiji ikazisaidia kwa pesa. Shule hizo zilifundisha kusoma, kuhesabu, useremala, nidhamu ya saa. Mapadri wengi walikuwa watu wa kazi na wa neno moja. Lakini mtoto wa Kiislamu aliyetaka kusoma aliingia katika nyumba ambayo kusudi lake la kwanza lilikuwa kumfanya Mkristo. Wazazi wengi wakakataa, na watoto wao wakabaki nyuma, bila vyeti, katika mji ambao watu wake walijua kalamu kabla ya Wabelgiji kufika. Ni kuanzia mwaka 1954, Auguste Buisseret akiwa waziri wa makoloni, ndipo shule za Serikali zisizokuwa za misheni zilipoanza kufunguliwa kwa watoto Waafrika.

Wahenga wa Kasongo waliielewa bei hiyo haraka: cheti kinapatikana ukitoa kitu kisichohusiana na masomo. Wakati ule kilikuwa dini. Leo ni kuku. Bei imebadilika, somo limebaki lile lile.

Halafu ikaja Zaïre. Mwaka 1974 Mobutu alizitaifisha shule. Mwaka 1977 Serikali ikazirudisha mikononi mwa madhehebu kwa mkataba, bila kuacha kuahidi mishahara. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mishahara ikawa kama haipo, walimu wakagoma, na wazazi wakaanza kuwachangia ili madarasa yasifungwe. Hivyo ndivyo primu ilivyozaliwa. Ulikuwa mpango wa dharura, nao ukadumu karibu miaka 30. Kizazi kizima kimekua kikijua kwamba mwalimu ni mtu anayelipwa na mtoto anayemsahihisha.

Mwezi wa Septemba 2019 Serikali ya Félix Tshisekedi ilitangaza kwamba masomo ya bure yanaanza kutumika kweli katika shule za msingi, miaka 13 baada ya katiba kuyaahidi. Watoto wakajaa. Lakini sekondari haimo katika ahadi hiyo, na hata katika msingi wapo walimu wa NU, wale wanaofundisha bila kuingizwa katika orodha ya mishahara. Mlango mmoja ulifungwa, pesa ikapitia madirisha.

Hapo ndipo linapotokea jibu kubwa linalotolewa kila mtu anapogusa jambo hili: mwalimu ana njaa. Jibu hilo ni la kweli, na anayelidharau hajawahi kuishi na familia ya mwalimu wa NU mwezi wa Novemba. Mtu anayefundisha watoto wengi darasa moja, bila mshahara, akilima shamba la muhogo alfajiri kabla ya kengele, anastahili heshima na anastahili kulipwa. Lakini njaa inaeleza jambo moja tu, nalo ni kwa nini mwalimu anahitaji pesa. Haielezi kwa nini auze pointi.

Kuna tofauti hapa ambayo wengi wanaipita mbio. Mwalimu akisema, "Nimefundisha mwezi mzima, Serikali haikunilipa, wazazi nisaidieni," anauza jasho lake. Jasho ni mali yake, ana haki ya kuliombea bei mchana kweupe, mbele ya mkutano, kwa risiti. Akisema, "Lete kuku, nitaongeza pointi mbili," anauza kitu kisichokuwa chake. Pointi ni mali ya mtoto aliyeifanyia kazi. Ni mali ya mtoto mwingine aliyeikosa kwa haki na anatakiwa kujua amekosea wapi ili ajirekebishe. Ni mali pia ya mgonjwa atakayelala siku moja katika kituo cha afya mbele ya muuguzi ambaye hesabu ya dozi aliinunua.

Tena njaa ingekuwa ndiyo sababu, wizi ungepungua kadiri mtu anavyopanda ngazi. Mambo ni kinyume. Mwaka 2021, baada ya ukaguzi wa fedha uliofichua shule hewa na walimu hewa katika orodha za mishahara, mahakama mjini Kinshasa ilimhukumu inspekta mkuu wa elimu pamoja na mkurugenzi wa SECOPE, idara iliyosimamia malipo ya walimu, kifungo cha miaka 20 kila mmoja kwa kula pesa ya umma. Hao hawakuwa na njaa. Walikuwa na diploma, magari na ofisi. Kila franka iliyolipwa kwa jina la mwalimu hewa ilikuwa franka ambayo mwalimu wa kweli, kijijini, hakuiona. Waliyatenda hayo wakiwa wamesoma shule zenye somo la maadili katika ratiba.

Jibu la pili linatoka kwa wazazi, na ni gumu zaidi kulijibu. "Mtoto wangu peke yake asipolipa, ataanguka peke yake. Wengine watapita. Haki yake itamsaidia nini?" Baba aliyeuza gunia la mpunga kulipa "mapokezi" si jambazi. Anamwogopea mwanawe. Anajua mwaka uliopotea ni mwaka ambao kijana anaweza kuingia machimboni asirudi, au kufuatwa na watu wenye silaha wanaotafuta vijana wasiokuwa na kazi. Kwa hofu hiyo analipa, jirani yake naye analipa, na mwishowe wote wamelipa. Hakuna aliyepata nafasi zaidi ya mwenzake. Waliopata ni waliokusanya.

Na huko mbele deni hilo linarudi kijijini kwa miguu yake lenyewe. Shule nyingi za sekondari vijijini zina opsheni ya pedagojia, kwa sababu haihitaji maabara wala mashine. Mwenye diploma yake ya Serikali, D6, anaweza kushika chaki kesho yake katika shule ya msingi. Kwa hiyo kijana aliyenunuliwa mtihani mwezi wa Juni anaweza kuwa mwalimu wa mdogo wake mwezi wa Septemba. Hajui kugawanya sehemu kwa sehemu, lakini anajua bei za kila kitu. Mzazi aliyelipa ili mkubwa apite ndiye aliyemletea mdogo mwalimu asiyejua.

Kwa wasichana bei ni nyingine. Wanafunzi wana jina la mzaha kwa pointi zinazopatikana kitandani, na mzaha huo umezoeleka mpaka watu wazima wanaucheka. Hakuna cha kuchekwa hapo. Sheria ya Julai 2006 dhidi ya jeuri ya kingono na sheria ya Januari 2009 ya ulinzi wa mtoto zimeweka wazi: aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na mkubwa anayelala naye ana kosa la ubakaji hata kama msichana alisema ndiyo. Lakini mara nyingi familia mbili zinakutana, mbuzi wanahesabiwa, mwalimu anahamishiwa kijiji kingine, na msichana anaacha shule akiwa na mimba. Halafu mwaka unaofuata, katika mkutano wa wazazi, watu wale wale waliokula mbuzi wanasimama kusema wasichana wa siku hizi hawana adabu.

Jibu la tatu ni la watu wa dini. Wanasema watoto wakijua Mungu, haya yataisha. Upande huu haukosi dini. Kasongo ni makao ya askofu Mkatoliki na ni mji wa misikiti. Kuna Waprotestanti, kuna Wakimbanguisti, na shule zao zote ni shule za mkataba na Serikali. Pointi zinauzwa chini ya msalaba na chini ya mwezi na nyota. Masheikh wanajua alichofundisha Ghazali, kwamba elimu isiyotendwa haimfai mwenyewe. Mapadri waliosoma falsafa wanajua alichofundisha Aristotle zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, kwamba mtu anakuwa mwenye haki kwa kutenda haki, jinsi fundi anavyokuwa fundi kwa kujenga. Wote wawili wanasema jambo ambalo mama yeyote wa Wamaza analijua bila kitabu: mtoto hajifunzi kulima kwa kuhubiriwa shamba. Anapewa jembe, anasimama mstari mmoja na mkubwa wake, na anafuata mkono.

Basi shule inayotaka kumfanya mtoto mwenye haki imweke mahali ambapo haki inatendeka, aione kila siku, aizoee, aidai. Saa moja ya hotuba haiwezi kushinda saa 30 za mfano.

Upande wa pili wa Ziwa Tanganyika, Julius Nyerere aliliona jambo hili mwezi wa Machi 1967 alipotoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea. Hakulalamikia somo fulani tu. Alisema namna shule yenyewe ilivyopangwa ilikuwa inamfundisha mtoto kuwadharau wazazi wake wakulima na kujiona mteule. Alitaka shule iwe na shamba lake na kazi zake, ili wanafunzi wazoee usawa kwa kuuishi. Mengi katika mpango wake hayakufika alikotaka, na shule zingine ziligeuza shamba kuwa adhabu. Lakini swali lake lilikuwa sahihi: shule inamzoesha mtoto kuishi vipi na wenzake?

Kongo nayo ina kujitegemea kwake. Kunaitwa Artikle 15: jipange. Hakuna aliyekiandika kifungu hicho katika katiba yoyote, lakini ndicho kinachoheshimiwa kuliko vyote. Kujitegemea kwa Nyerere kulikuwa kwa kijiji kizima, watu wakisaidiana wasimtegemee mgeni. Artikle 15 ni ya kila mtu na mfuko wake. Shule za huku zimechagua Artikle 15 kuwa somo lao kuu, na wanafunzi wamelifaulu kwa kishindo.

Basi, nini kifanyike? Wizara haitashuka kesho kwa barabara ya Kasongo, na anayeijua barabara hiyo wakati wa mvua hatangoja. Lakini kuna mambo ambayo hayahitaji wizara.

La kwanza, bei zote zibandikwe ukutani. Kila shule iandike kwa Kiswahili, mahali ambapo kila mzazi anapita, pesa gani zinalipwa, kiasi gani, na kwa ajili ya nini. Kisichoandikwa kisilipwe. Kila kinacholipwa kiwe na risiti. Kama walimu wa NU wanahitaji kusaidiwa, na wanahitaji, kamati ya wazazi ikubaliane nao hadharani, kwa pesa au kwa mchele au kwa siku za kazi katika mashamba yao, na michango ipokewe na kamati. Mwalimu asipokee kitu kutoka mkononi mwa mtoto anayemsahihisha.

La pili, karatasi za mitihani zirudishwe. Mtoto apewe karatasi yake iliyosahihishwa, aone kosa lake na pointi yake, aende nayo nyumbani. Mahali ambapo karatasi zinarudi, 4 haiwezi kugeuka 6 gizani, kwa sababu majirani wana karatasi za kulinganisha. Hilo halihitaji hata franka moja.

La tatu, msichana asiitwe nyumbani kwa mwalimu, wala kuchota maji, wala kufua, wala "kuchukua daftari". Na familia itakayopokea mbuzi badala ya kwenda kwa polisi na mahakamani ijulikane kwamba imeuza binti yake.

La nne ndilo zito: wazazi wa finalisti wakutane kabla ya Exetat na wakatae wote pamoja kuchangia pesa isiyokuwa na risiti. Wakikataa mmoja mmoja watashindwa, kama yule baba alivyosema. Wakikataa wote, hakuna mtoto atakayeanguka peke yake. Kamati za wazazi zimewekwa na sheria katika kila shule. Mpaka leo nyingi zinafanya kazi ya kukusanya. Zianze kufanya kazi ya kukataa.

Gharama yake isifichwe. Kijiji kitakachofanya hivyo kitakuwa na mwaka mbaya, labda miwili. Watoto wengi wataanguka. Shule jirani itajivunia asilimia 100 na wazazi wengine watahamisha watoto wao. Prefe ataitwa na wakubwa kueleza kwa nini matokeo yameshuka. Watu watasema Wamaza imerudi nyuma. Hapo ndipo itajulikana nani alikuwa anataka maadili na nani alikuwa anataka diploma tu. Maana maadili yasiyomgharimu mtu kitu ni maneno ya mkutanoni.

Lakini mwaka ule wa anguko, kwa mara ya kwanza, 40 kwa 100 itakuwa 40 ya kweli. Mwalimu atajua hesabu ndiyo iliyoshindikana, au Kifaransa, na atajua pa kuanzia. Watakaopita, hata wakiwa saba tu, watajulikana kuwa wamepita. Na waliobaki watarudia mwaka wakiwa wanajua kwamba mlango upo, na kwamba unafunguliwa na kitu walicho nacho wote, maskini na tajiri, yaani kazi ya kichwa chao.

Matokeo ya Exetat yatakaposomwa tena, vijana watamwagiwa podere nyeupe vichwani, akina mama watapiga vigelegele, pikipiki zitapiga honi barabara nzima. Ni furaha halali kwa aliyeifanyia kazi. Katikati ya umati huo kila mzazi atakuwa anajua moyoni mwake kama anasherehekea mtoto au risiti ambayo hakupewa. Mtoto naye atakuwa anajua. Na mwezi wa Septemba baadhi yao watasimama mbele ya darasa, chaki mkononi, kuwafundisha wadogo zao.